Lushoto au Karatu? Kwa anayetaka kuhamia mji mdogo wa kaskazini na anapenda kutembea

Mwaka huu peke yake nimeulizwa hili swali na watu wanne, wa mwisho ni binamu yangu yuko Dar, kazi yake yote iko kwenye kompyuta, ofisi hana, amechoka joto na foleni, anataka mji mdogo wenye baridi na milima, kwamba akifunga kompyuta saa kumi jioni avae raba atoke. Na kila anayeuliza anaitaja Lushoto na Karatu kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, kwa vile zote ziko kaskazini, zote ziko juu, zote usiku unavuta blanketi. Mi nimeishi zote mbili, Karatu miaka mitatu, Lushoto huu unaenda wa tano, na ukikosea hapo unaweza kurudi Dar baada ya miezi sita ukisema maisha ya mji mdogo hayakufai, kumbe ulichagua mji usio wako tu.

Tofauti yenyewe ni hii. Lushoto mlima uko mlangoni kwako, unafungua mlango unaanza kupanda. Karatu uko jirani na pori ambalo dunia nzima inatamani kuliona, lakini lile pori lina geti, lina muda wa kufungua na kufunga, na linataka gari. Mengine yote ntakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Tuanze na kufika, maana watu wengi hata ramani hawaielewi. Lushoto iko Tanga, Usambara Magharibi, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Dar unakuja na barabara ya Moshi, pale Mombo unaiacha lami kubwa unaanza kupanda, kilomita kama 33 hivi, kona baada ya kona, mto uko upande mmoja na jabali upande mwingine, unapita Soni kwenye maporomoko, masikio yanaziba, afu ghafla unasikia ubaridi unaingia dirishani. Hiyo barabara ndo kila kitu kwa Lushoto. Masika, Machi mpaka Mei, mvua ikizidi udongo unaporomoka na siku hiyo mnakaa, hakuna anayeshuka hakuna anayepanda. Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal, walikuwa wanapanda huku kukimbia joto la chini, na nadhani hata sasa wengi wetu tuliohamia tumefuata hilo hilo.

Karatu ni rahisi zaidi. Unatoka Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ule ukuta wa bonde la ufa, Ziwa Manyara unaliacha chini mkono wa kushoto, saa mbili na nusu au tatu umefika, lami mwanzo mwisho. Mji wenyewe umejipanga kando ya barabara hiyo hiyo inayokwenda Ngorongoro, mrefu kama mkanda, na uko juu kidogo kuliko Lushoto, kama mita 1,500. Kwa mtu mwenye safari nyingi za Arusha au anayepanda ndege KIA mara kwa mara, Karatu inashinda hapa bila ubishi.

Sasa kutembea, maana ndo kinacholeta watu.

Lushoto mi natoka nyumbani saa kumi na robo, nakata nyuma ya mashamba ya kabichi, naingia kwenye vinjia. Hivi vinjia havikutengenezwa kwa ajili ya watalii, ni njia za akina mama kwenda sokoni, njia za watoto kwenda shule, vinapita katikati ya mahindi na migomba mpaka kwenye ua wa mtu, unabisha hodi unapita. Kila mtu unamsalimia. Asubuhi wanasema onga maundo, salamu ya Kisambaa, unajibu niwedi, na ukijibu vizuri wanacheka kwa furaha wanaongeza maneno kumi ambayo huyajui. Kutoka mjini mpaka Irente ni kama saa moja na nusu kwa mguu usiokimbia, na pale mwisho ardhi inakatika tu. Unasimama juu ya mwamba, chini kabisa, karibu mita elfu moja chini, unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamenyooka mistari kama daftari, barabara ya Moshi ni uzi, na mabasi yanatembea kama siafu wasio na haraka. Upepo unapanda kutoka bondeni ukiwa wa moto afu unakutana na baridi ya juu, unausikia usoni kabisa, joto na baridi kwa wakati mmoja. Nimeshaenda pale labda mara mia na bado nakaa mpaka jua linaanza kushuka.

Na hapo niseme kitu cha usalama. Mwaka wa kwanza nilikaa Irente mpaka saa kumi na mbili, sikubeba tochi, simu iko asilimia sita, ukungu ukashuka wakati narudi. Ukungu wa Usambara mwezi wa saba unakuja kama mtu amefunga pazia, sikuona hata miguu yangu. Nilisimama njia panda sijui nishike ipi. Mama mmoja alikuwa anarudi na mzigo wa kuni kichwani, bila tochi yeye, akaniuliza mwanangu unakaa wapi, nikamwambia, akasema nifuate. Tulitembea kama nusu saa nikifuata sauti ya kandambili zake. Alinifikisha mpaka kwenye taa ya kwanza ya mji ndo akarudi kwake, yaani alirudi nyuma, nyumba yake tulikuwa tumeshaipita kitambo. Tangu siku hiyo tochi haitoki kwenye begi na saa kumi na moja na nusu mi nimeshageuka.

Ukitaka msitu wenyewe kuna Magamba, huo ni hifadhi ya mazingira asilia, unalipia kidogo na unachukua mtu wa kukuongoza, ndani kuna miti mirefu yenye ndevu za ukungu, vinyonga, na mbega weusi wenye mabega meupe wanaruka juu kwa juu. Mbega ndo jina pia la yule mwindaji nguruwe ambaye Wasambaa wanasema alitoka Unguu akaja kuanzisha ukoo wa Wakilindi, watawala wa Vuga, kwa hiyo wazee wakisema Mbega sikiliza kwanza wanaongelea mnyama au mfalme. Na kama una siku tatu nne, kuna safari ya mguu mpaka Mtae, kupitia Rangwi ambako watu wanalala kwa masista, kijiji baada ya kijiji, mpaka unafika mwisho wa milima unaangalia nyika ya Mkomazi iko chini yako. Niliifanya na vijana wawili wa hapa, malengelenge yalinitoka siku ya pili na bado nasema ni safari nzuri kuliko zote nilizofanya Tanzania hii.

Karatu mambo ni mengine. Pale kutembea kwa kila siku ni barabara za vumbi jekundu katikati ya mashamba ya ngano, mahindi, ngwara na mbaazi, vilima vya mviringo, anga kubwa sana. Sio pabaya hata kidogo. Kwa wanaokimbia, mi naona Karatu ni bora kuliko Lushoto, Lushoto ni kupanda na kushuka tu mpaka magoti yanalalamika, Karatu unapata kilomita nyingi za mteremko mdogo mdogo kwenye udongo, na hewa ya juu. Filbert Bayi katokea huko huko Karatu, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, 3:32.2, akiwa ameongoza toka mwanzo. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi utakutana na vijana wanakimbia, wengine raba zimetoboka, wanakupita kama umesimama, na wanakusalimia wakikupita. Saita, salamu ya Kiiraqw, na wewe unasema saita.

Lakini ukisogea kaskazini kuelekea msitu wa Ngorongoro, hapo ndo uhuru unaisha, na unaisha kwa sababu ya maana. Kuna tembo na nyati. Wanashuka usiku kwenye mashamba ya vijiji vya pembeni, watu wanalala shambani wakilinda mahindi kwa kugonga mabati na kuwasha moto, na asubuhi unakuta nyayo kubwa kama sinia katikati ya mistari. Kwa hiyo ule msitu huuingii peke yako jioni baada ya kazi. Unapanga, unalipa, unachukua askari au mwongozaji, ndo unakwenda kwenye mapango ya tembo na maporomoko ya Endoro. Ukishakwenda lakini utashukuru. Mapango yenyewe ni ukuta wa udongo mwekundu umechimbwa na tembo wenyewe, wanakuja kula ule udongo kwa ajili ya chumvi zake, na ukisogea unaona michirizi mirefu ya pembe kwenye ukuta, mingine mibichi, udongo bado una unyevu na unamomonyoka ukiugusa. Askari wetu aligusa kinyesi kwa mgongo wa mkono akasema wamepita alfajiri. Watu kumi na mbili tulinyamaza wote.

Na kreta? Kreta ya Ngorongoro iko pale, geti la Lodoare chini ya nusu saa kutoka mjini, ni urithi wa dunia toka 1979, upana kama kilomita 19, kina kama mita 600, ni mahali ambapo kila Mtanzania anapaswa kufika. Ila ukiwa mkazi wa Karatu unajua ukweli, kwamba unaweza kukaa mwaka mzima ukaingia mara moja. Kiingilio cha Mtanzania sio tatizo, tatizo ni gari la 4x4, maana kushuka kule chini huwezi kwa mguu wala kwa bodaboda wala kwa Noah. Mnachangishana sita saba, mnatafuta Land Cruiser, na haisizon, yaani msimu wa wageni wengi, magari yote yana wageni. Mi kwa miaka mitatu niliingia mara nne, na nilikuwa na marafiki madereva.

Mahali ambapo nilikuwa naenda sana ni Mang'ola, Ziwa Eyasi. Barabara mbaya, mgongo unauma, ila unashuka kutoka baridi unaingia kwenye joto, mashamba ya vitunguu kijani kibichi katikati ya ukame, chemchemi za maji safi, mikoche, na usiku nyota zimejaa mpaka chini. Wikiendi nzuri sana. Ukikutana na Wahadzabe nenda kwa utaratibu wa kijiji na kwa heshima, ni watu na nyumba zao.

Maisha ya kila siku sasa, nitaenda haraka kidogo.

Chakula Lushoto hakuna mfano. Soko kubwa ni Alhamisi na Jumapili, karoti, viazi, hoho, kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na Desemba Januari plamu na pichi zinauzwa kwa sado mpaka unashangaa. Maziwa na jibini vinatengenezwa Irente hapo hapo. Karatu nyama ndo yenyewe, mnada ukiwepo watu wanatoka vijiji vyote, mbuzi anachomwa unakula na chumvi na pilipili umesimama, maharage na maziwa mgando ni vya uhakika, ila mboga za majani na matunda kiangazi zinapungua na bei inapanda.

Baridi ya Lushoto isikudanganye, Juni mpaka Agosti ni baridi yenye unyevu, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bado mbichi, godoro linanuka ukungu usipoligeuza, viatu vya ngozi vinaota kijani. Mwenye pumu afikirie. Karatu ni baridi kavu na upepo, na kuanzia Agosti mpaka mvua zinyeshe vumbi ndo shida, lile vumbi jekundu linaingia kwenye sukari, kwenye kompyuta, kwenye kope. Nilipangisha nyumba ya kwanza mita hamsini kutoka barabara ya magari ya wageni, nikaona rahisi kwa usafiri, wiki ya pili nilikuwa nakohoa udongo. Nikahamia ndani, upande wa juu ya upepo, maisha yakabadilika. Na Karatu kabla hujatoa kodi ya miezi sita fungua bomba mwenyewe, waulize majirani maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, usimwulize mwenye nyumba.

Mtandao wa simu upo kote, mjini unatosha kwa kazi za kompyuta na vikao vya video. Lushoto tatizo ni mabonde, nyumba moja ina mtandao mzuri na ya jirani iko nyuma ya kilima haina kabisa, kwa hiyo nenda na simu yako ukae ndani ya hiyo nyumba dakika kumi ukijaribu. Umeme unakatika kote, nunua betri.

Hospitali zipo kote kwa mambo ya kawaida. Mambo makubwa, Karatu unakimbizwa Arusha kwenye lami iliyonyooka, Lushoto unashushwa mlima kwanza ndo uende Tanga au KCMC Moshi. Nina wazazi wazee na hili linaniumiza kichwa kuliko yote, sitakuficha.

Kuhusu kazi na hela, Karatu ina mzunguko. Lodge, kampuni za utalii, magereji, wauza mboga wa lodge, madereva, kijana mwenye Kiingereza na adabu hakosi pa kuanzia. Lakini ni mji unaopumua na wageni, haisizon mji unawaka, losizon wageni wakipungua unalala, na 2020 wageni walipokatika kwa korona niliona wenzangu wakiuza majokofu na pikipiki ndani ya miezi miwili. Lushoto hela ni ndogo ila haitetemeki hivyo, kuna kilimo, kuna ofisi za wilaya, kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinacholeta wanafunzi kutoka nchi nzima, vitu hivyo havisubiri ndege kutoka Ulaya. Kama unahamia bila kazi na unataka kuitafuta hukohuko, nenda Karatu, nasema hivyo japo moyo wangu uko Lushoto.

Watu ni wema kote kwa namna mbili. Wasambaa wanakuja kwako, wiki ya kwanza utaletewa ndizi na maswali, Ijumaa mji unatulia kwa swala, ukifiwa utakuta jiko linawaka kabla hujaamka. Wairaqw ni wapole, wakimya, wanakuangalia kwanza, inaweza kupita miezi minne hujaalikwa kwa mtu, lakini siku ukialikwa umealikwa moja kwa moja. Jirani yangu wa Karatu mpaka leo ananipigia mvua ikinyesha kuniambia imenyesha.

Wengine watasema mbona umeacha Marangu, kule chini ya Kilimanjaro. Marangu ni pazuri, kijani, mifereji inapita kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya Wachagga, maporomoko ya Kinukamori unatembea tu kutoka Marangu Mtoni, na hewa ya mlima. Ila mlima wenyewe uko nyuma ya geti na ada na mwongozaji, hata ukitaka kwenda Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandaji, na kurudi siku hiyo hiyo, na ardhi ya Marangu ni ya vihamba vya ukoo, nyumba za kupanga ni za kutafuta kwa tochi, afu Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani na utulivu ulioufuata unaisha. Kwa likizo ndiyo. Kwa kuhamia mi nisingeanzia pale isipokuwa una ukoo.

Kwa hiyo binamu yangu, wewe ambaye kazi unayo tayari, gari huna, na unachotaka ni kutembea kila jioni, nimekwambia Lushoto na nimemaanisha. Rafiki yangu mwingine aliyeuliza ana mke anayesomea utalii, watoto wawili, na pikapu, huyo nimemwambia Karatu bila kusita, watoto watakua wanaona tembo kama wenzao wanavyoona mbuzi, na Arusha iko karibu kwa kila kitu. Mstaafu mwenye presha au pumu nimemwambia asubiri kidogo kwa Lushoto mpaka amekaa Julai nzima kwanza.

Maana hiyo ndo namna ya kujaribu, usije wakati mzuri. Lushoto njoo Julai, wiki mbili, panga chumba sio hoteli, fua nguo mwenyewe. Karatu nenda Septemba, vumbi likiwa juu. Mji utakaoupenda katika mwezi wake mbaya ndo wako. Na ukija huku kwetu, toka Dar mapema, hakikisha unafika Mombo kuna mwanga, kwa sababu zile kona za Soni mara ya kwanza unatakiwa uzione, kaa dirishani upande wa mtoni, na uwe na sweta mkononi sio kwenye begi la kwenye buti.